Uongo njoo, utamu kolea: mhadhara kuhusu picha za hadithi za zamani

Haya jamani, sogeeni mbele kidogo, viti vya mbele havina miba. Mnanisikia huko nyuma? Okei. Hadithi hadithi! ... Aa, mmelala, tena. Hadithi hadithi! ... Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Hapo sasa. Leo sina hadithi, nina picha, ila hayo maneno mliyoyasema sasa hivi ndo mhadhara wangu wote, maana uongo hata mtoto wa chekechea anauchora, mti wenye macho, panya kavaa koti, basi, kazi imeisha. Utamu je? Huo ndo umenisumbua miaka.

Angalieni hii ukutani. Huyu ni Arthur Rackham, Muingereza, kazaliwa London 1867, na kabla hajawa mchoraji wa kueleweka alikuwa karani kwenye ofisi ya bima ya moto, mchana anaandika mafaili, muda wake mwingine anasoma sanaa pale Lambeth. Mi huwa nacheka nikifika hapo lakini ukizicheki picha zake vizuri karani unamuona, hakuna kitu kimerukwa. Mti una uso, sawa, ila kabla hujafika kwenye uso kuna gome, kuna nundu, kuna mizizi imechomoza kama vidole vya bibi aliyeshika jembe maisha yake yote, alafu juu ya mistari ya wino kapitisha rangi za maji nyembamba nyembamba, kahawia kama chai ya rangi iliyomwagika kwenye daftari. Mwaka 1906 alichora hadithi ya Kensington Gardens, picha 50 za rangi, na hiyo bustani ipo kweli, watu wa London walikuwa wanapita pale na watoto wao, miti wanaijua, maji wanayajua, yeye kawaongezea tu vibwengo chini ya mizizi. Unarudi nyumbani na hofu ya mti uliokuwa unauegemea jana!

Mwingine Mrusi, Ivan Bilibin. Picha yake ya 1900 inaonyesha bibi mchawi wa msituni anapaa, na kapanda nini? Kinu. Mchi mkono mmoja, ufagio mkono mwingine. Sisi tuliozoea ungo tunabaki tunatazamana, kumbe wenzetu kule walipaa na kinu kizima, uzito wote ule. Na huyu Bilibin hakuwa mtu wa kukaa chumbani akibuni buni, 1902 mpaka 1904 alizunguka kaskazini mwa Urusi anakusanya ufundi wa vijijini, nyumba za mbao, vitambaa vya kutarizi, kwa hiyo nyumba alizochora baada ya hapo zina milango ambayo fundi seremala akiiona anajua imeungwaje.

Hayo tisa, kumi ni mashine. Hapa nawaomba mnivumilie maana napapenda.

Zamani mchoraji akishachora, fundi mwingine anaichonga ile picha kwenye ubao ndo ichapwe, kwa hiyo mstari uliokuwa unauona kitabuni umeshapita mkono wa mtu wa pili. Mwisho mwisho wa karne ya 19 ikaja njia ya kutumia kamera, mstari ukaanza kutoka kama ulivyotoka kwenye kalamu ya mwenyewe, na tetemeko lake. Rangi nazo, picha inapigwa mara tatu kupitia vichujio, yanatoka mabamba matatu, la njano, jekundu na bluu, yanagongwa moja juu ya jingine. Sasa hiyo ilitaka karatasi laini inayong'aa, na kitabu kizima hakikuwa na karatasi hiyo, basi picha zikachapwa peke yake alafu zikabandikwa kwa mkono, na juu yake kakaratasi kembamba ka kuifunika. Unakainua kwanza kama pazia, ndo unaona. Mi nasema hako kapazia ni nusu ya utamu. Kwenye simu picha inakurukia usoni hata hujaiomba.

Nisiwafiche, biashara hii haikumlipa kila mtu. Kay Nielsen, Mdenmark, picha zake za hadithi za kaskazini za 1914 watu leo wanazitafuta kwa tochi, alihamia California, akafanya kazi kwa Disney, akafa maskini 1957 na makumbusho hayakuzitaka picha zake. Tuendelee.

Na sisi? Mwaka 1901 kule Chicago kilitoka kitabu cha hadithi za Zanzibar, kwa Kiingereza, mkusanyaji George Bateman, mchoraji Walter Bobbett. Humo yumo kima, papa na punda wa dobi, wale wale wa bibi zetu. Nilipokiona mara ya kwanza nilifurahi, alafu nikapata wivu. Maana yule punda mi namjua. Namjua na kamba yake, na harufu ya sabuni, na mashuka yanavyopiga kelele kwenye upepo, na mwembe aliofungwa chini yake.

Basi karatasi ziko pale mezani, wino upo, mwenye kishikwambi akifunge kwanza. Tuna nusu saa, mnachora punda wa dobi. Na tafadhali msimsahaulie masikio, sungura wa kwenye hadithi yake atayahitaji.