Hodi Langoni kwa Macbeth

Ndugu zangu, walimu na wanafunzi, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya tamaa ya ukubwa na anguko katika tanzia. Ningeweza kuwazungusha kutoka Athens hadi London tukaondoka hapa mikono mitupu. Nimeona nikae na mtu mmoja, Macbeth, mhusika mkuu wa tamthilia ya Shakespeare yenye jina hilo, na hasa usiku wake mmoja. Wengine wenu mlimsoma kwa Kiswahili, katika tafsiri ya S. S. Mushi iliyotoka Dar es Salaam mwaka 1968. Mistari nitakayoitaja leo nimeifasiri mwenyewe.

Ukiuliza darasani Macbeth aliangushwa na nini, jibu huja haraka: tamaa mbele, mauti nyuma. Wachawi walimtabiria ufalme, mkewe akamchochea, akamuua Mfalme Duncan, naye akauawa. Nimefundisha hivyo kwa miaka mingi, na leo siridhiki tena. Methali ile inaweka mauti nyuma, kule mwisho, adui yake Macduff anapoingia na kichwa cha Macbeth mkononi. Lakini kila nikiisoma tamthilia hii namwona mtu aliyekwisha kuanguka kabla usiku ule haujapambazuka, na mwenyewe anajua.

Tuanze na historia kidogo. Macbeth wa kweli alitawala Scotland miaka 17, tangu 1040 hadi 1057. Duncan, aliyemtangulia, alikufa vitani. Mwaka 1050 Macbeth alikwenda kuhiji Roma na huko akawagawia maskini fedha. Mfalme anayehofia kiti chake hafungi safari ndefu namna ile. Shakespeare alipoiandika tamthilia yake, mnamo 1606, alikuwa na kitabu cha historia cha Holinshed mbele yake, na mauti ya vitani hakuyataka. Alifunua kurasa nyingine za historia hiyohiyo, akachukua kisa cha mfalme aitwaye Duff, aliyeuawa usiku akiwa amelala katika ngome iliyo chini ya Donwald, na Donwald huyo alishawishiwa na mkewe. Hicho ndicho alichomvika Macbeth. Kumuua mfalme vitani ni mambo ya dola. Kumuua mgeni aliyelala kwako, ambaye umemlisha mwenyewe, sisi watu wa hodi na karibu hatuhitaji kuelezwa ni nini.

Basi tazameni Duncan anavyofika. Ni jioni. Anasimama nje ya ngome na kusifu hewa ya mahali pale. Banquo, jemadari mwenzake Macbeth, anamwonyesha mbayuwayu: hakuna ukingo wala pembe ya ukuta ambayo ndege hao hawakuning'iniza viota vyao, naye Banquo anasema ameona kwamba wanakopenda kuzalia, hewa huwa nyororo. Mke wa Macbeth anatoka kumlaki mgeni. Duncan anamwambia, "Nipe mkono wako, unipeleke kwa mwenyeji wangu." Nawaomba mkumbuke mkono huo.

Karamu ikiendelea ndani, Macbeth anatoka na kusimama peke yake. Anasema mfalme yuko pale kwa amana mara mbili. Kwanza yeye ni jamaa yake na raia wake. Pili ni mwenyeji wake, aliyepaswa kumfungia mlango muuaji, sembuse kushika kisu yeye mwenyewe. Halafu anataja kinachomsukuma. Anasema hana mwiba wa kuchoma mbavu za farasi wake, ila tamaa ya ukubwa tu, inayoruka ili ipande, ikapitiliza, ikaanguka upande wa pili.

Mmesikia alichokifanya? Ametuonyesha anguko lake kabla hajaanza kupanda. Katika Juliasi Kaizari, ambayo Mwalimu Nyerere alitufasiria, tamaa ya ukubwa ni shtaka. Bruto anasema Kaizari alikuwa nayo, Antonio anatia shaka, na mshtakiwa ni maiti, hawezi kujibu. Edipode, katika tanzia ya Myunani Sofokile, naye alimuua baba yake bila kumjua. Neno la Aristotle kwa kosa la mhusika wa tanzia, hamartia, lina asili ya kukosa shabaha, kama mpiga upinde ambaye mshale wake umekwenda kando. Macbeth mshale wake haukwenda kando. Aliiona shabaha, akaiita kwa jina lake, akamwambia mkewe, "Tusiendelee na jambo hili." Kisha mke akamuuliza kuhusu uanaume wake. Mistari kama hamsini hivi, na mambo yakawa yamekwisha. Nadhani wanaume tuliomo humu tunajua swali lile lina nguvu gani.

Duncan anauawa nyuma ya mlango, hatumwoni. Wayunani walikuwa na desturi hiyo: Agamemnon wa Aeschylus, mwaka 458 kabla ya Kristo, anauawa ndani ya nyumba yake na sisi tunasikia ukelele tu. Lakini Shakespeare hakuwa mtu wa kuficha damu. Katika King Lear mzee anang'olewa macho mbele ya watazamaji. Alipomficha Duncan alikuwa na sababu: alitaka tumtazame anayerudi.

Anarudi na majambia mawili mkononi, yaliyotakiwa kubaki chumbani ili walinzi wasingiziwe. Hajui kama ameyabeba. Na anazungumza juu ya jambo moja tu. Amewasikia watu wawili wakigutuka usingizini. Mmoja akasema, "Mungu atubariki," mwingine akaitikia, "Amina." Macbeth alisimama pale na mikono yake ile, akataka kuitikia, akashindwa. "Kwa nini sikuweza kutamka Amina? Mimi ndiye niliyehitaji baraka kuliko wote, na Amina ikanikwama kooni."

Ndugu zangu, hapo ndipo ninapoliweka anguko. Taji bado hajalivaa, jeshi la Malcolm, mwana wa Duncan, bado halijakusanyika, Macduff bado hajachukia. Mtu ameshindwa kuitikia dua, basi. Halafu anasimulia sauti aliyoisikia: Glamis ameua usingizi, kwa hiyo Cawdor hatalala tena, Macbeth hatalala tena. Cheo cha urithi, cheo kipya, jina la kuzaliwa, vyote vimenyang'anywa usingizi kwa pumzi moja.

Ndipo lango linapobishwa. Mwaka 1823 Mwingereza Thomas De Quincey aliandika makala nzima juu ya hodi hiyo: kwamba kwayo dunia ya binadamu inaanza tena kupumua baada ya kusimamishwa na mauaji. Nakubaliana naye, ila kwangu mimi lililo zito zaidi ni aliyeko nje. Ni Macduff. Amekuja kumwamsha mfalme kama alivyoagizwa, na ndiye atakayemuua Macbeth. Bawabu amelewa, anachelewa kufungua, anajifanya yuko kwenye lango la jehanamu. Ndani, mwenye nyumba ananong'ona, "Mwamshe Duncan kwa hodi yako! Laiti ungeweza!"

Yanayofuata nitayapitia upesi. Banquo anasisitiziwa asikose karamu, anauawa njiani, na bado anahudhuria: anakuja mzimu na kuketi kwenye kiti cha mfalme. Mke na watoto wa Macduff wanachinjwa nyumbani kwao, na tendo hilo halimpi Macbeth chochote, hata usalama. Baadaye anasema maisha yake yamefika kwenye jani la manjano, na kwamba vinavyostahili kuandamana na uzee, heshima, mapenzi, utii, marafiki tele, asivitazamie.

Lakini nataka tumalizie kwa mkewe. Ni usiku. Daktari na mwanamke anayemhudumia wamejibanza. Anakuja akitembea usingizini, mshumaa mkononi, maana ameamuru taa isiondoke karibu naye kamwe. Anauweka chini, anasugua mikono. Mhudumu anasema amewahi kumwona akisugua hivyo robo saa nzima. Anaunusa mkono. Manukato yote ya Arabuni, anasema, hayataunukisha vizuri mkono huu mdogo. Udi na marashi vimefika pwani yetu kutoka hukohuko Arabuni kwa karne nyingi, kwa hiyo mstari huo mnaweza kuunusa.

Kisha anaondoka, na maneno yake ya mwisho katika tamthilia nzima ni haya: "Kitandani, kitandani. Kuna hodi langoni. Njoo, njoo, njoo, njoo, nipe mkono wako. Lililotendeka haliwezi kutenduliwa. Kitandani, kitandani, kitandani."

Nipe mkono wako. Ndivyo Duncan alivyomwambia mlangoni, mbayuwayu wakiwa juu yao. Na langoni usiku huu hapana mtu.