Mrututu kwenye Baridi ya Kelvini Moja

Ndugu wasikilizaji, kwa jambo zuri kuliko yote katika fizikia ya sumaku nimechagua mrututu (salfeti ya shaba), huu huu wa buluu unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo na kunyunyiziwa kahawa. Ndani ya fuwele yake kila ayoni (atomu yenye chaji) ya shaba ina spini, yaani kisumaku kidogo mno. Nusu ya ayoni hizo zimejipanga mistari, na kila moja humlazimisha jirani yake aelekee kinyume. Nguvu ya mshikamano huo, ikipimwa kwa joto linaloweza kuuvunja, ni sawa na kelvini 2.9 tu, yaani nyuzi 2.9 juu ya sifuri kabisa.

Mchana wa nyuzi 30 hapa Dar es Salaam ni kelvini 303, zaidi ya mara mia ya nguvu hiyo. Joto huzivuruga spini, kila moja ikageuka kivyake. Gadolini, metali yenye usumaku, ni tofauti: kikomo cha joto ambacho usumaku wake huvumilia ni kelvini 293 hivi, kwa hiyo mchana wetu umeshaipokonya usumaku wa aina ya chuma, na friji ya nyumbani huurudisha.

Mrututu ukishuka chini ya kelvini 3, spini za mistari huanza kushikana. Joto mahususi, yaani joto linalohitajika kuipandisha fuwele nyuzi moja, hupanda hadi kilele karibu na kelvini 1.4. Hata hivyo hazisimami gwaride: kwenye mstari mmoja, msukosuko wa kikwantamu, mtikisiko usiokoma hata pasipo joto, huvunja mpangilio hata joto likikaribia sifuri. Vipimo vya kurushia fuwele nyutroni, vilivyochapishwa mwaka 2013, karibu na kelvini 0.1, vilionyesha kwamba spini moja ikigeuzwa, mgeuko huo hugawanyika kuwa vipande viitwavyo spinoni, viwili, wakati mwingine vinne, na kila kimoja hushika njia yake. Kwangu hakuna jambo zuri zaidi ya hili katika fizikia ya sumaku.

Sasa kazi yenyewe: kukuza fuwele na kuipima usumaku kwenye baridi. Yeyusha gramu 40 za mrututu katika mililita 100 za maji yaliyotoneshwa, yakiwa na nyuzi 60. Chuja, acha yapoe taratibu, kisha tundika kifuwele cha mbegu, kidogo ambacho fuwele kubwa itakua juu yake. Usitoe hewa ndani ya kriostati, chombo cha kupozea sampuli, fuwele ikiwa bado na joto la chumba: maji yaliyomo ndani yake yatatoka, nayo itapauka iwe unga. Igandishe kwanza. Kinundu kikitokea kwenye grafu ya usumaku karibu na kelvini 50, hiyo ni oksijeni iliyopenya, si mrututu. Pima ukishusha joto, kisha ukipandisha. Grafu mbili zikiachana, fuwele ilichelewa nyuma ya kipimajoto, kwa hiyo rudia kwa nusu ya mwendo.