Ribiti Zisizotuna: Kuunda Upya Nyambizi ya Hunley

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Hapa mezani naona mnatazama mifano miwili ya nyambizi, lakini kwa kweli ni moja niliyoiunda mara mbili. Ya kushoto niliiunda kwa kufuata michoro ya zamani. Ya kulia niliiunda baada ya kufahamu kwamba michoro ile ilinipoteza. Leo nitazungumzia umbali ulio kati ya hizi mbili.

Ni H. L. Hunley, iliyoundwa Mobile, Alabama, mwaka 1863, Wamarekani wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Usiku wa tarehe 17 Februari 1864, nje ya bandari ya Charleston, iliizamisha manowari Housatonic, ikawa nyambizi ya kwanza duniani kuzamisha meli ya adui vitani. Yenyewe haikurudi. Iligunduliwa mwaka 1995, ikainuliwa kutoka baharini tarehe 8 Agosti 2000.

Kabla ya siku hiyo, sisi waunda mifano tulimtegemea sana shahidi mmoja, William Alexander, fundi aliyeshiriki kuiunda. Aliyaandika aliyoyakumbuka mwaka 1902, karibu miaka 40 baadaye. Simlaumu hata kidogo. Lakini chombo kilichomo katika maelezo yake ni kama boila la mvuke lililofungwa ncha mbili, nami nikaunda boila: mrija wa plastiki, ncha mbili butu, na ribiti, yaani misumari ya kuunganishia bati, zimetuna mwili mzima.

Chuma kilipotoka majini kikatoa ushahidi mwingine. Mwili ni mwembamba, umechongoka omo na tezi kama samaki. Na ribiti zake zimezamishwa zikawa sawa na bati, maji yapite bila kukwama. Mtu hafanyi kazi ya namna hiyo kwa kuokoteza vyuma. Waliokiunda walikuwa wakiwaza mwendo, na kwa miaka mingi mifano yetu iliwavunjia heshima bila sisi kujua.

Ribiti isiyotuna inasumbua kuliko iliyotuna. Iliyotuna unaibandika tu. Kwa hii nachukua sindano ya hospitali, nakata ncha yake ibaki mrija, nanoa ukingo. Naikandamiza kwenye plastiki, naizungusha robo duara, naitoa. Kinabaki kiduara chembamba kama unywele. Kisha napitisha msasa laini wenye maji, natia rangi nyeusi nyepesi, nafuta papo hapo kwa kitambaa. Ukisogeza jicho karibu unaiona. Ukirudi hatua mbili imepotea. Mkono ukiteleza mara moja, bati zima linarudiwa. Ubavu huu mmoja niliurudia mara nne.

Kipimo nilichotumia ni 1 kwa 35. Nyambizi yenyewe ina urefu wa kama mita 12, kwa hiyo mfano ni sentimita 34. Kimo cha mwili ni kama mita 1.2, hapa ni sentimita 3 na nusu hivi. Sasa mtazameni huyu baharia mdogo niliyemshika. Akisimama ana sentimita 5. Tazameni nikimpitisha: haingii. Hana budi kukaa, ainamishe mgongo, magoti yakaribie kifua. Saba walikaa hivyo kwa mstari, wakizungusha kwa mikono mtaimbo mmoja uliopindwapindwa, ndio uliozungusha rafadha ya kusukuma chombo. Wa nane, Luteni George Dixon, alikuwa mbele akiongoza chombo. Vitabu vitakwambia palikuwa pembamba. Mimi nilielewa siku nilipolazimika kumkata baharia wangu miguu na kumuunga upya ili aketi.

Mtaimbo wa omo, ule mrefu uliobeba bomu mbele ya nyambizi, nao una kisa chake. Tulikuwa tukiuweka juu. Kumbe ulifungwa chini kabisa ya omo, wenye urefu wa kama mita 5. Tuliamini pia kwamba bomu lilichomekwa kwenye meli ya adui, nyambizi ikarudi nyuma, kisha kamba ikavutwa ili kulilipua. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba ncha ya mtaimbo ilikuwa bado na mabaki ya ganda la shaba la bomu, limepasuka na kujikunja. Bomu lilikuwa limefungwa palepale kwa bolti. Yaani kilo 61 hivi za baruti zililipuka mita chache tu mbele ya watu wanane. Ilinibidi niling'oe la kwangu na kulifunga upya.

Wanaopenda kuunda Turtle, nyambizi ya mtu mmoja ya Mmarekani David Bushnell, ya mwaka 1775, wawe waangalifu vilevile. Mchoro unaonakiliwa sana ulichorwa mwaka 1875, miaka 100 baadaye, na unaonyesha rafadha za mzunguko kama skrubu ndefu. Ezra Lee, aliyeiendesha vitani, alizifananisha na mikono ya kinu cha upepo. Mimi ningemfuata Lee.

Mwisho, mabaharia. Kabla ya usiku ule watu 13 walikuwa wameshafia ndani ya Hunley katika ajali mbili za majaribio, akiwemo Horace Hunley mwenyewe, ambaye nyambizi ilipewa jina lake. Wanane wa mwisho walipopatikana, mifupa yao ilikuwa kwenye nafasi zao za kazi. Hapakuwa na dalili ya kukimbilia mfuniko. Walizikwa Charleston mwezi Aprili 2004. Waunda mifano wengi huiacha nyambizi tupu, mitambo ionekane. Mimi nimewaweka wote wanane, kila mmoja mahali pake, nikaacha ubavu mmoja wazi.

Karibuni msogee. Taa ndogo iko hapa pembeni. Mulikeni kutokea tezi, ndipo mtawaona hadi Dixon. Ila mtaimbo wa omo tafadhali msiuguse, shaba ile ni nyembamba kama karatasi.