Kigelegele cha Kilatini

Haya, jamani, habari za huko nyumbani! Leo nazungumza chini chini, mnisamehe, huku Leicester ni saa nne usiku na kuta za hizi fleti ni nyembamba kama karatasi.

Juzi dada alipiga simu kutoka Tanga: binti yake kajifungua salama, mapacha! Mke wangu hakujizuia, akapiga kigelegele pale pale sebuleni, kile cha harusini. Punde si punde, ngo ngo ngo! Jirani wa chini, mzee wa Kiingereza, anauliza nani kaumia. Nilipomweleza akacheka, akasema kumbe mlikuwa mnashangilia jubilantly.

Neno hilo mimi nililijua la magazeti ya mpira. Nikalifuatilia. Ni kielezi, na sisi tungesema kwa shangwe, au kwa nderemo na vifijo. Halimfai mtu aliyekaa kimya anatabasamu, hata kama moyo wake umejaa furaha pomoni. Furaha yenyewe lazima itoke nje, ionekane.

Shina lake ni la Kilatini, jubilare, kupiga ukelele wa furaha. Na hapa ndipo niliponogewa. Varro, mwanazuoni wa Roma wa karne ya 1 kabla ya Kristo, aliandika kwamba kelele za watu wa mjini zina kitenzi chake, quiritare, lakini jubilare ni za watu wa shamba. Mmesikia? Neno linalovalishwa tai siku hizi lilikuwa la washamba wenzetu, wanaoitana kutoka konde hadi konde! Nikamwambia mke wangu: wewe juzi umepiga Kilatini safi.

Sasa najua kuna mtu ataandika hapo chini, "si ndiyo ile jubilei ya padri wetu?" Hapana, hao ni ndugu wa kambo. Jubilei inatokana na yovel ya Kiebrania, kondoo dume, maana pembe yake ndiyo iliyopulizwa kuutangaza mwaka wa 50, ule ambao Biblia ya Kiswahili, Walawi 25, inauita yubile. Lilipofika kwa Walatini wakaona linafanana na jubilare yao, wakaliandika iubilaeus, basi yakashikana mikono mpaka leo. Mimi mtu wa pwani, nikisikia pembe nawaza siwa ya Pate, ile ya pembe ya ndovu, na mwenzake wa shaba wa Lamu, zilizokuwa zikipulizwa kwenye harusi za wakubwa.

Jana yule mzee kaleta kadi ya pongezi, na neno lake kaliandika humo humo. Ipo kwenye friji, ile pale, mnaiona? Dada, picha za mapacha bado sijazipata, tuma. Mzee nimeshamwonya: siku ya arobaini, asije na wasiwasi mlangoni, apande tu aje ale pilau.