Kikapu kimoja kinapobeba korosho za wenzake

Shikamooni wazee wangu. Nanyi wanafunzi mliobanana kule mlangoni, sogeeni mbele, nafasi ipo. Kwa kuwa tupo Mtwara, mfano wangu ni korosho.

Chukulieni vikapu 100 sakafuni, vyote sawa, kila kimoja na korosho tano. Kwa nasibu, korosho moja moja zinaruka kutoka kikapu kimoja na kuangukia kingine chochote. Kasi ya kutoka inategemea idadi iliyomo humo tu, jirani haangaliwi. Ndiyo maana mfumo huu, alioueleza mwanahisabati Frank Spitzer mwaka 1970, huitwa mchakato wa masafa sifuri.

Kanuni yetu: kasi ni 1, jumlisha 3 gawanya kwa idadi ya korosho. Kikapu chenye korosho moja kinatoa kwa kasi ya 4. Chenye tatu, 2. Chenye 300, 1.01. Hakuna kikapu kinachovuta, wala korosho inayochagua pa kutua. Kilichojaa kinachelewa kutoa, basi. Kati ya chenye 300 na chenye 400, tofauti ya kasi haifiki hata nusu ya asilimia!

Lakini tazameni. Kwanza yanaota malundo kadhaa. Yananyang'anyana polepole, madogo yanaishiwa, mpaka linabaki moja lenye korosho kama 400. Zile 100 hivi zilizosalia zinatawanyika kwenye vikapu 99, na takribani theluthi mbili ya hivyo ni vitupu.

Wastani wa korosho moja kwa kikapu ndio kipeo. Chini yake hakuna lundo. Juu yake, kila utakachoongeza kinaishia kwenye lundo, wengine hawaonji. Mimi jambo hili limenikalia moyoni miaka mingi. Ni kama hewa iliyoshiba mvuke: unaozidi hugeuka matone kwenye mfuniko wa sufuria.

Ile 3 ya kanuni yetu ikiwa b, mwanafizikia Martin Evans alionyesha mwaka 2000 kwamba lundo hutokea b ikizidi 2 tu, na kipeo ni 1 gawanya kwa kile kinachobaki ukitoa 2 kwenye b. Isipozidi 2, mwaga korosho za Newala nzima, lundo la namna hii halitokei.

Binti pale anauliza ni kikapu kipi kitashinda. Swali zuri sana. Hakuna kilichotiwa alama. Nasibu ndiyo inayoamua. Na baada ya muda mrefu mno, lundo hilohilo litamomonyoka na kuota kwenye kikapu kingine.