Gego la Miaka Sita: Kwa Nini Tuzibe Jino Kabla Halijauma
Mhadhara kwa wazazi na walimu wa shule ya msingi, Dar es Salaam

Walimu wangu, wazazi wenzangu, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi mliokuja na watoto, maana nitawahitaji baadaye.

Nimeombwa nizungumzie kuziba meno, na nitaanza na jino moja tu. Mwambie mtoto wa miaka saba apanue kinywa, uhesabu meno ya chini kuanzia katikati kwenda pembeni. Lile la sita, kubwa, lililokaa nyuma kabisa, ni gego la ukubwani. Liliota kimya kimya alipofikisha miaka sita hivi. Halikungoja jino lolote ling'oke, kwa sababu mahali pake ni nyuma ya meno yote ya utotoni. Ndiyo maana wazazi wengi hawajui kuwa limeshafika. Likitoboka, mama ananiambia, "Daktari, si la utotoni hilo? Liache, litaota jingine." Mama yangu, halioti jingine. Hilo ndilo atakalotafunia mpaka uzeeni, na ndilo ninaloliona limeoza kuliko mengine yote.

Linaoza mapema kwa sababu ya umbo lake. Juu lina mifereji myembamba ambayo nywele za mswaki hazifiki chini yake. Chai ya sukari na andazi asubuhi, biskuti saa nne, juisi ya pakiti akirudi nyumbani: kila mara sukari inapoingia, vijidudu vilivyojibanza kwenye mifereji ile vinaigeuza kuwa tindikali kwa dakika chache tu. Mate yanapambana kuiondoa, lakini yanahitaji nusu saa au zaidi. Mtoto anayekula pipi moja moja kutwa nzima hayapi mate nafasi hiyo. Afadhali azile zote kwa mkupuo baada ya chakula cha mchana.

Kwanza linatokea doa jeupe, halina mng'ao, kama limepakwa chaki. Hapo hatuhitaji kuziba. Dawa ya meno yenye floridi, madini yanayoimarisha jino, asubuhi na kabla ya kulala, inaweza kulirudisha jino katika hali yake. Hapohapo niwaondolee hofu waliotoka Arusha na Kilimanjaro: meno ya kahawia yanayotokana na maji ya kule yenye floridi nyingi si meno yaliyooza. Usikubali yachimbwe kwa sababu ya rangi tu.

Tundu likishafunguka, mswaki haulirudishi tena, na hapa ndipo penye neno langu kubwa leo. Kuziba ni tiba ya jino ambalo bado halijauma, au linalostuka kidogo kwa maji baridi kisha likatulia. Ndani ya jino kuna moyo wake, wenye neva na mishipa ya damu. Uozo ukiwa haujaufikia moyo huo, tunasafisha, tunaziba, kazi imekwisha. Jino linalokuamsha usiku, linalopwita lenyewe bila kuguswa, moyo wake umeshaharibika. Ukilazimisha kuliziba, usaha na shinikizo vinakosa pa kutokea, na maumivu yanakuwa makali kuliko ya mwanzo. Hilo linahitaji kutibiwa mzizi, na penye uwezo mdogo linaishia kung'olewa. Nasikia watu wakisema, "Niliziba jino ndipo likaanza kuuma." Mara nyingi lilichelewa kuletwa, au lilizibwa wakati halikustahili kuzibwa. Na sisi tumezoea kungoja liume! Tunasaga kidonge cha maumivu na kukijaza kwenye tundu, kikaunguza na fizi.

Sasa niwaambie jambo la kujivunia. Katikati ya miaka ya 1980, shule ya udaktari wa meno hapahapa Dar es Salaam, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa ikitafuta namna ya kuwatibu watu wa vijijini. Mashine ya kuchonga jino inataka umeme, hewa ya mgandamizo, maji, na fundi wa kuitengeneza. Palipokosekana kimojawapo, mgonjwa aling'olewa. Mholanzi Jo Frencken na wenzake wakajaribu kusafisha tundu kwa vyombo vya mkono peke yake na kuliziba kwa saruji inayoshikamana na jino. Njia hiyo baadaye ilifanyiwa majaribio makubwa Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipohusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa yote. Leo inafundishwa dunia nzima, na ilianzia hapa kwetu.

Nitaieleza hatua kwa hatua, kwa sababu mtoto akijua kitakachofanyika hofu inapungua. Analala chali, hata juu ya meza ya darasani yenye godoro. Naweka pamba pembeni mwa jino lisilowe mate. Mdomo wa tundu ukiwa mwembamba, naupanua kwa chombo chenye makali madogo. Kisha nachukua kijiko kidogo sana, ncha yake ni ya milimita moja hivi, naanza kukwangua. Sehemu iliyooza inatoka kwa vipande laini kama maganda ya kiazi kilichochemshwa. Sehemu hiyo imekufa, haina hisia, ndiyo maana mara nyingi sihitaji hata sindano ya ganzi. Nakwangua kuta za tundu kwanza mpaka ziwe safi na ngumu, maana ndipo saruji itakaposhika. Chini, karibu na moyo wa jino, naenda taratibu. Nikiendelea kuchimba nitautoboa, kwa hiyo pale pa kina naweza kuacha tabaka jembamba lenye madoa.

Wazazi wanaosimama pembeni huniuliza, "Daktari, si umeziba wadudu ndani?" Swali zuri sana. Zamani hata sisi tulifundishwa kuchimba mpaka kusibaki doa. Sasa tunajua kuwa vijidudu vikifungiwa sawasawa, chakula kikikatika, havina nguvu ya kuendeleza uozo, na jino lenyewe linaweza kujijengea tabaka jipya la kinga kwa ndani. Sharti ni moja: kuta ziwe safi na kizibo kibane kisipitishe kitu.

Halafu nachanganya unga na maji yake kwenye kikaratasi, naujaza mchanganyiko ndani ya tundu, napaka vaselini kwenye kidole cha glavu na kulibonyeza jino. Ule mbonyezo unasukuma saruji mpaka ndani ya ile mifereji mingine ambayo haijatoboka bado, ikazibwa nayo. Baada ya dakika chache imekauka. Mtoto anang'ata kidogo nione kama imezidi kimo, naipunguza, na saa moja nzima hali kitu.

Saruji hiyo inaitwa glasi ayonoma. Ilibuniwa Uingereza na Alan Wilson na Brian Kent, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Inashikana na madini ya jino yenyewe na inatoa floridi taratibu. Udhaifu wake nausema wazi: inalika upesi kuliko nyingine, na kwenye tundu kubwa lililobomoa ubavu wa jino inavunjika. Kwa tundu dogo la juu ya gego la mtoto, mimi sijaona kinachoishinda.

Ile ya rangi ya jino, inayokaushwa kwa taa ya buluu, inapendeza na ni imara, lakini inataka jino kavu kabisa na gharama yake ni kubwa zaidi. Ile nyeusi ya madini, amalgamu, imewatumikia wazee wetu miaka mingi. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Nchi nyingi zinaiaga kwa sababu zebaki inachafua mazingira. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku matumizi yake tangu Januari 2025, isipokuwa kwa mgonjwa mwenye sababu maalumu ya kitabibu. Mwenye nayo kinywani, ikiwa nzima, asiende kuitoa kwa hofu. Kuichimba ndiko kunakotoa mvuke mwingi wa zebaki kuliko kuiacha.

Na mnaosikia harufu ya karafuu mkiingia chumba cha daktari wa meno, ni kweli ni karafuu. Mafuta yake yakichanganywa na unga wa zinki yanakuwa dawa ya kuziba kwa muda, inayotuliza jino lililosumbuka. Bibi zetu wa Pemba waliotia karafuu kwenye jino linalouma walishika kitu sahihi. Tatizo ni kwamba karafuu peke yake hailizibi tundu. Hata ile ya hospitali ni ya muda. Ukiambiwa urudi baada ya wiki kadhaa, rudi, hata kama maumivu yamekwisha.

Najua kinachowazuia wengi wetu. Kung'oa ni nafuu mfukoni kuliko kuziba, na kunamaliza siku hiyohiyo. Lakini gego la miaka sita liking'olewa, lile la nyuma yake linainama kuja mbele, la juu yake linashuka kwa kukosa mwenzake, na mtoto anahamia kutafunia upande mmoja. Hasara hiyo anaibeba miaka 60 mbele, na pengo halizibiki kwa bei ya kizibo.

Sasa tunahamia darasa la pili, meza ziko tayari. Tutaanza na wa darasa la kwanza na la pili. Mzazi ambaye mtoto wake alilia usiku kwa jino wiki hii aninong'oneze kabla hatujaanza, huyo tutamwandikia barua ya hospitali badala ya kumziba hapa. Na kila mzazi asimame karibu na mwanawe, nimwoneshe jino la sita kwa macho yake.