Leteni Kinyesi Kwanza, Kikopo Baadaye
Mhadhara kwa wafuga mbwa, Arusha

Asanteni. Wakubwa shikamooni, vijana habari za mchana. Hiki kikopo cha probiotiki, yaani bakteria wa kusaidia tumbo la mbwa, naomba kizunguke, kila mmoja akishike, ila msikifungue. Mbele kuna picha ya mbwa anacheka. Achaneni naye, geuzeni nyuma. Mtakuta "huimarisha tumbo" na "asilia kabisa". Haya, nitafutieni mambo matatu: jina kamili la bakteria waliomo, idadi yao inayohakikishwa mpaka siku ya mwisho wa matumizi, na joto la kuhifadhia. Atakayeyaona yote namnunulia soda.

Hela yangu iko salama. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Kanada, Weese na Martin, walipima bidhaa 25 za aina hii. Zilizokuwa na lebo ya kuridhisha, na ndani mna kile kilichoahidiwa, zilikuwa mbili tu. Hiyo ni Kanada, kwenye baridi. Bakteria wa probiotiki ni viumbe hai, jamani. Kikopo kimekaa kwenye kontena juani Dar es Salaam, kimepanda lori, kimefika hapa kikawekwa dirishani dukani kwa sababu picha yake inavutia wateja. Wamebaki hai wangapi humo? Muulize muuzaji uone atakavyokutazama.

Sasa kila mwaka nikisema haya, kuna mtu anatoka mlangoni pale akisema daktari anapinga virutubisho. Sipingi. Yupo bakteria anaitwa Enterococcus faecium, aina ya SF68, ambaye Umoja wa Ulaya umemruhusu kwenye chakula cha mbwa. Mbwa mzima, mwenye afya, ameharisha ghafla kwa sababu alikula makombo ya harusi: mara nyingi atapona mwenyewe ndani ya siku chache, na probiotiki nzuri huenda ikampunguzia siku moja hivi. Mpe. Ninachokataa ni kuanza na kikopo wakati kinyesi cha mbwa wako hakijawahi kuwekwa chini ya hadubini hata mara moja tangu azaliwe.

Mnaonifahamu mtanivumilia, hii mmeshaisikia. Kulikuwa na mzee mmoja wa Njiro, ana German Shepherd dume, mlinzi, bado kijana. Mbwa anamaliza sufuria ya ugali na dagaa, muda si muda yuko jalalani, na jalalani akikosa anakula kinyesi chake mwenyewe. Pamoja na hayo mbavu zake unazihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Choo anachotoa ni kingi, cha njano iliyopauka, kinang'aa mafuta, na harufu yake ilishawaleta majirani getini. Mzee wa watu alikuwa ameuziwa kila kitu: unga wa bakteria, mafuta ya samaki, hata vitamini za vifaranga zile za kutia kwenye maji. Mmoja akamwambia mbwa amerogwa.

Alipofika kwangu nilimwomba kinyesi. Akanitazama kama nimemtukana mbele ya wajukuu. Kesho yake kakileta kwenye kopo la siagi, tukapima, minyoo hakuna. Nikachukua damu, mbwa akiwa hajala tangu usiku, ikapelekwa nje ya nchi kwa kipimo kinachoitwa TLI, ambacho huonyesha kama kongosho bado linatengeneza vimeng'enya, vile vya kusaga chakula tumboni. Majibu yakarudi: kongosho limekwisha. Kwa mbwa wa uzao huu ni ugonjwa wa kurithi unaojulikana vizuri. Kinga ya mwili inazishambulia sehemu za kongosho zinazotoa vimeng'enya, pole pole, na dalili hazitokei mpaka karibu asilimia 90 ya uwezo wake imepotea. Chakula kinaingia na kinatoka kilivyo. Mbwa anakufa njaa tumbo likiwa limejaa.

Na dawa yake? Kirutubisho! Ndiyo maana nasema sipingi. Ni unga wa vimeng'enya uliotengenezwa kwa kongosho la nguruwe, unachanganywa kwenye kila mlo, maisha yake yote. Ila ule unga ni ghali, na mzee ni Mwislamu, kitimoto hataki hata isikike kwake. Basi alfajiri tukaongozana machinjioni. Kongosho la ng'ombe nalo lina vimeng'enya vilevile, na mara nyingi linatupwa. Ni kile kinyama cha waridi iliyopauka, kina vifundovifundo, kimelala pale utumbo mwembamba unapoanzia. Unakikatakata, unagawa kwenye vifuko vya mlo mmoja mmoja, unagandisha. Usikipike, maana joto linaua vimeng'enya na utakuwa umempa nyama ya kawaida tu. Juu ya hapo tukampiga sindano za vitamini B12 kila wiki kwa wiki sita. Kwa mbwa, ile protini inayosaidia B12 kufyonzwa hutoka hasa kwenye kongosho, kwa hiyo likifa lenyewe, na B12 inapungua. Wengi wanasahau hiyo sindano, halafu wanasema unga haufanyi kazi.

Namwona mama wa mstari wa pili anatikisa kichwa. Najua, mama. Mwaka jana niliwakataza kuwapa mbwa mabaki ya machinjio, leo nawatuma huko huko. Nilichokataza ni maini na mapafu yenye malengelenge ya maji. Yale ni makao ya tegu mdogo anayekua kwenye utumbo wa mbwa, mayai yake yakimfikia binadamu yanamwotea uvimbe kwenye ini. Waulizeni ndugu zetu wafugaji wa Ngorongoro na Turkana. Kongosho linatoka kwa mnyama aliyekaguliwa, aliyepigwa muhuri, na linaagizwa na daktari kwa mbwa mwenye ugonjwa huo tu. Usiende kesho machinjioni kwa sababu mbwa wako kajamba.

Yule mbwa alinenepa mpaka mzee akaanza kulalamika kwamba anakula kidogo. Vikopo vyote alivyonunua mwanzo vingelipa kipimo, na chenji ikabaki.

Sasa tuje kwenye ugali, maana wengi hapa mbwa wenu wanakula ugali na hamtabadilika kwa ajili yangu. Nawaomba jambo moja. Yale mahindi yaliyoota ukungu, ambayo mama anayachambua na kusema "haya ya mbwa", siyo ya mbwa. Sumukuvu, sumu ya ukungu huo, haijali nani anakula. Mwaka 2004 Kenya, huko Makueni na Kitui na kwingine, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikaua watu kwetu, Dodoma na Manyara. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 huko Marekani, mbwa zaidi ya 70 waliripotiwa kufa kwa chakula cha dukani chenye sumu hiyohiyo, chakula cha mifuko mizuri inayong'aa. Mbwa ini lake linaharibika haraka. Anakataa chakula, anatapika, ufizi na macho vinageuka manjano. Kupika hakuiondoi. Na hapo ndipo mwenye mbwa anapokuja kuniuliza anunue probiotiki ipi. Tupa mahindi!

Mwenyekiti ameanza kutazama saa, kwa hiyo nitakimbia. Watoto wa mbwa wanazaliwa na minyoo tayari, wengine wanaipata kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo dawa inaanza wakiwa na wiki mbili, kisha kila wiki mbili mpaka waache kunyonya, na mama yao anapewa pamoja nao. Boga la kuchemsha bila chumvi linasaidia choo kilicholegea, vilevile maganda ya ispaghula yale ya maduka ya Wahindi, lakini yape maji ya kutosha. Mtindi kidogo sina ugomvi nao. Metronidazole, ile dawa ya kuua bakteria uliyobakiza ulipougua wewe, iache kabatini: inavuruga bakteria wa utumbo wa mbwa kwa wiki kadhaa, halafu unakwenda kununua kikopo cha kuwarudisha. Vitamini za watoto za kutafuna, soma kama zina ksilitoli, kile kitia utamu cha badala ya sukari. Ikiwemo, mbwa anaweza kufa sukari ya damu ikishuka. Nilitaka kusema kuhusu mafuta ya samaki, tuache.

Mtoto wa mbwa asiyechanjwa anatapika na kuharisha damu: hiyo nichukulie ni pavo, ugonjwa wa virusi unaoambukiza sana, mpaka ithibitike vinginevyo. Usinipigie kuuliza nimpe nini. Mlete saa hiyohiyo, mfunge kwenye khanga kuukuu, na usimpitishe kwa jirani mwenye watoto wa mbwa.

Haya, maswali. Wewe baba wa nyuma, mwenye kikopo. Umeipata ile lebo? Hujaipata. Basi kaa nacho, ukimaliza mrudishie mwenyekiti, ni cha kwake.